Nimpelekee kitabu gani wodini?

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa wodi ya upasuaji.*

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, ni dereva wa bodaboda. Alipata ajali akavunjika paja, sasa amelazwa. Mguu umefungwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda na daktari kasema atakaa hivyo wiki kadhaa. Simu yake ilipotelea palepale pa ajali. Amekuwa mkali, anagombana na manesi, jana kakataa hata uji. Nataka kumpelekea vitabu, lakini tangu amalize kidato cha nne sijamwona ameshika kitabu. Mjomba wetu ameshanunua viwili: kimoja cha namna ya kuwa tajiri, kingine cha kumhimiza atubu. Wewe ungempelekea nini? *Dada Mkubwa, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Vile vya mjomba vipokee kwa mikono miwili, mshukuru, kisha viache nyumbani. Kijana amelala chali, pikipiki imeharibika, mkataba wa watu hajui ataulipaje, halafu umpe kitabu kinachomwambia kwamba umaskini ni uvivu wa fikra? Toba nayo ni yake na Mola wake. Nimeviona vitabu vya mawaidha vingi sana juu ya makabati ya wagonjwa, na kazi iliyokuwa ikifanyika navyo ni kufunikia vikombe vya uji visiingie nzi. Mgonjwa anataka hadithi. Anataka kujua nani kaua, nani kamtorosha nani, na yule mwongo atakamatwa au hatakamatwa. Akishapata hadithi ya watu wengine wenye matatizo makubwa kuliko paja, hata uji utanyweka.

Ila kabla hujachagua jina la kitabu, utazame mwili wake. Mtu aliyevutwa mguu hageuki ubavu, wala hakai wima akatulia. Atasoma chali, kitabu kiko juu ya uso, mikono ipo hewani. Jaribu mwenyewe leo usiku na kitabu kinene, uone mabega yanavyowaka moto baada ya kurasa chache. Basi tafuta chembamba, chenye jalada laini na herufi zinazoonekana, maana taa za wodini ziko mbali na huzimwa mapema. Dawa za maumivu nazo zina mambo yake: zinaleta usingizi na kufanya mistari ya kitabu icheze. Mtu anasoma ukurasa uleule mara tatu na bado hakumbuki nani alikuwa mke wa nani. Riwaya inayokuja na ukoo mzima katika sura ya kwanza isubiri.

Mimi ningeanza na *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Najua utasema hicho ni cha shule. Kimetoka 1952, ni chembamba, unakishika kwa mkono mmoja, na mwanzo wake haukuachi. Ofisa wa mfalme, Ikibali, anatumwa Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa. Usiku, nyumbani kwa liwali mwenyeji wake, anamwona huyo liwali mpole, msifiwa, anawachapa viboko manyani wawili, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Kwa nini? Hapo hata mtu mwenye maumivu atafungua ukurasa unaofuata. Kuna majini, kuna mji uliogeuzwa mawe, kuna ndugu wenye husuda. Lugha yake ni ya kale kidogo lakini haimtupi msomaji. Sharti langu moja: usimwulize dhamira. Wala "mwandishi anatufundisha nini". Kwa vijana wengi kitabu cha Kiswahili bado kinanuka mtihani, na ukianza maswali hayo atakirudisha chini ya mto.

Akimaliza hicho, mpe kesi za upelelezi. Hakuna kitu kilichotembea wodini kwetu, kitanda hadi kitanda, kama vitabu vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Cha kwanza ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka 1960. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa penye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali taratibu, huku rafiki yake Najum akishangaa kila hatua. Unaweza kukisoma nusu saa, ukalala, ukaamka, ukaendelea pale ulipoishia. Kama anapenda mwendo wa kasi zaidi kuna *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya 1965, na kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Kitanzania anayepanda ndege na kurusha ngumi. Dereva wa bodaboda na Willy Gamba wataelewana bila kutambulishwa.

Hapa nikuonye jambo. Vitabu hivi utavipata zaidi kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini barabarani. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mwisho. Tuliwahi kupewa msaada wa kasha la vitabu, ndani yake mna *Mzimu wa Watu wa Kale* ambayo kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Hatukujua. Kilianzia kitanda cha dirishani, kikazunguka, na kila aliyefika mwisho alikaa kimya kwa makusudi ili na mwenzake aumie. Wakafika kubishana wodi nzima, wengine wanamshika huyu, wengine yule, mzee mmoja wa Kilosa akisema muuaji ni mzimu wenyewe na Bwana Msa anajisumbua. Siku kijana wa henia anasukumwa kwenda theatre, amevaa lile gauni la kufungwa nyuma, alinishika kiganja akaniuliza: "Sista, wewe umekisoma. Nani kamuua Bwana Ali?" Nikamwambia akitoka nitamwambia. Alipozinduka, ulimi bado mzito wa dawa, neno la kwanza halikuwa maji wala mama. Mkuu wa wodi akadhani kachanganyikiwa.

Na kwa kuwa nimetaja henia: mdogo wako anaweza kucheka atakavyo, paja halikatai. Lakini wasomaji wengine wenye wagonjwa waliopasuliwa tumbo wasichukue *Hekaya za Abunuwasi* siku za mwanzo. Sisemi mzaha. Kuna ile hekaya ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anachukua vyote viwili. Mara ya pili anaazima, harudishi. Akiulizwa anasema, pole sana, sufuria imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Naye anamjibu: ulisadiki ilipozaa, leo ilipokufa unakataa? Tulikuwa na mgonjwa aliyesomewa hiyo siku ya pili baada ya upasuaji. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, ameubana mto tumboni kama tulivyomfundisha kufanya akikohoa, anamtukana aliyeleta kitabu. Mshono haukufumuka, lakini sikutaka kuona tena. Abunuwasi aje mgonjwa akishaanza kutembea mwenyewe hadi chooni.

Tamthilia watu wanazisahau, na ni kitu kizuri sana cha wodini. Majina ya wasemaji yako pembeni, sentensi ni fupi, macho hayachoki. *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba huenda aliigusa shuleni akaichukia, lakini akiisoma sasa, bila mwalimu, atamwona yule karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu akaishia kumhesabu msichana mmoja tu. Wagonjwa wawili wa vitanda jirani wanaweza kugawana sehemu na kusomeana. Mkuu wa wodi akilalamika kelele, mwambieni Mama Nesi wa gazetini karuhusu.

Sasa habari ya majina ya vitabu. Kitabu cha kwanza cha Willy Gamba kinaitwa *Kufa na Kupona*. Kipo *Ziraili na Zirani* cha William Mkufya. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis ikaitwa *Peponi*. Vyote vitabu vya watu wazima, vya kusomwa. Lakini shangazi akija saa ya kuona wagonjwa, akakuta kijana amelala chali kama maiti na *Peponi* iko kifuani, hapo kilio kitaanza kabla hajaweka hotpoti chini. Funga jalada kwa gazeti kama tulivyofunga madaftari shuleni, mambo yaishe.

Kuna vitabu vikubwa ambavyo nisingempelekea mtu anayetazama dari saa nane za usiku, hata kama navipenda. Euphrase Kezilahabi ni mwandishi ninayemheshimu kuliko karibu wote, ila Kazimoto wa *Kichwamaji* anaishia kujiua, na *Rosa Mistika* ni msiba juu ya msiba. Mgonjwa aliyelala muda mrefu hufika siku moja akajiuliza kama atakuwa mtu tena. Siku hiyo hutaki Kazimoto awe ndiye anayemjibu. Na mtu akianza kusema maneno ya kukata tamaa, au akigeukia ukutani na kukataa chakula siku kwa siku, hilo si la kitabu. Mwambie nesi wa zamu, na daktari akipita raundi mwambie pia. Msiogope kuonekana mnazidisha.

Akianza kujizoeza magongo, hapo mpe safari. *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996, inamfuata kijana Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale, Kenya, akimtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Ndefu kuliko nilizotaja, lakini wakati huo ataweza kukaa. Mtu anayevuka korido kwa magongo huku jasho likimtoka anamwelewa sana mtu anayevuka mpaka kwa miguu.

La mwisho kwako. Usipeleke rundo. Peleka kimoja, ukifika msomee kurasa mbili tatu kwa sauti ya kawaida wakati anakunywa supu, halafu pale mambo yanapokolea funga kitabu, kiweke mkono unapofika, aga uondoke. Manesi watakusimulia kesho yake. Ukikosa vya kununua, maktaba ya mkoa inaazimisha kwa wanachama. Azima kwa jina lako, na uangalie tarehe ya kurudisha, kwa sababu vitabu vya wodini vina miguu.

SWALI: Mama Nesi, mume wangu yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, anajitibia nyumbani. Jirani alimwazima *Kuli* ya Adam Shafi, akaisoma mpaka mwisho. Nilipoirudisha jirani alikataa kuipokea, akasema nikaichome moto. Kweli kitabu kinaambukiza? Na nimtafutie nini kwa miezi iliyobaki, maana kazini bado hajarudi na siku anaziona ndefu? *Mke wa Mgonjwa, Shinyanga*

JIBU: Usichome kitu. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea, na mwingine akaivuta hewa hiyo, hasa chumbani pasipopitisha upepo. Hakikai kwenye vikombe, sahani, nguo wala karatasi kikamsubiri mtu. Tena mume wako yuko mwezi wa pili: dawa zikifanya kazi, ndani ya wiki chache za mwanzo uwezo wa kuambukiza unashuka sana. Mwambie jirani aende kliniki ya TB aulize mwenyewe, na wakati huo kitabu kikae kwenu. Nina shaka hata kukisoma hakukisoma. Angejua kilivyo asingekiachia kirahisi hivyo. Mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948 si wa kutupwa jikoni.

Kilichonigusa ni hiyo "miezi iliyobaki". Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa aina nne, kisha minne ya aina mbili. Hatari yake haiko mwanzoni, mtu anapotapika na kuona mkojo wa rangi ya chungwa (ni dawa, asishtuke). Hatari iko mwezi wa tatu au wa nne, amenenepa, kikohozi kimekwisha, anajiona mzima, vidonge vinamchosha, anaacha. Nilikuwa nawashauri wagonjwa wangu waweke dawa ya asubuhi juu ya kitabu. Hafungui sura mpaka ameze. Kwa hiyo unahitaji riwaya ndefu, inayomvuta mtu kila siku arudi.

Kama *Kuli* imemkolea, mwendelezee mwandishi huyohuyo. *Vuta N'kuvute* ya 1999 ndiyo ningeweka mbele. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwanamume anayetosha kuwa baba yake; anatoroka, na Unguja ya enzi za Mwingereza inafunguka yote, ngoma, siasa za siri, mapenzi na Denge yasiyoruhusiwa na yeyote. Amil Shivji ameifanyia filamu iliyotoka 2021, lakini asome kwanza. Halafu *Mbali na Nyumbani*, ambamo Adam Shafi anasimulia ujana wake mwenyewe, alivyoondoka kwao kutafuta masomo na kupita nchi za watu kwa shida na vituko. Kwa mtu aliyefungiwa nyumbani hicho ni kitamu sana, ataijua njia ya Sudan kuliko njia ya sokoni.

Asomee nje, barazani au chini ya mti. Upepo na jua vinamfaa yeye na ninyi nyote mnaoishi naye. Na watoto, na yeyote mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili hapo nyumbani, wapelekeni wakapimwe kama bado hamjafanya hivyo.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 71, katolewa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Alikuwa msomaji mkubwa, sasa anakaa tu na redio. Ananiambia nimsomee lakini mimi si msomaji, nasoma kama mtoto wa darasa la pili na naona haya. Nimsomee nini? *Binti wa Pwani, Bagamoyo*

JIBU: Marahaba. Soma hivyohivyo. Atakusahihisha, na kukusahihisha kutamfurahisha kuliko kitabu chenyewe.

Anza na *Wasifu wa Siti Binti Saad* ulioandikwa na Shaaban Robert. Ni kifupi, na mama wa Pwani wa umri huo ana maneno yake ya kuongeza kila ukurasa: binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akaingia mjini, akaimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Ukichoka kusoma mwimbishe. Nyimbo za taarabu anazijua kuliko wewe.

Kisha jaribuni utenzi. Tenzi zilitungwa zisikike, na msomaji mgeni anasaidiwa na vina. Ukikosea, sikio linakwambia kabla ya mama. Wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858 hivi, ulitungwa na mama mgonjwa. Anasema wazi mwanzoni kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, kisha anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Lahaja ni ya kaskazini, Kiamu, mtakwama hapa na pale. Na ukifika pale anapomfundisha binti namna ya kumnyenyekea mume, najua nyinyi wawili mtagombana. Gombaneni, ila asiiname kwa ghafla wala asilisugue jicho.

Yeye mwenyewe akitaka kusoma kidogo, kusoma hakulidhuru jicho lililopasuliwa. Ataona ukungu wa karibu na kuchoka, basi. Matone ayatumie mpaka siku aliyoandikiwa, hata jicho likionekana jeupe na safi. Miwani ya kusomea asinunuliwe sasa hivi kwa wachuuzi wa stendi. Ngojeni jicho litulie, wiki kadhaa, kisha lipimwe klinikini mtakaporudi. Likiuma, likiwa jekundu zaidi, au uoni ukishuka ghafla, msingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.